Hakufukuzwa kwa Fimbo

Jumatano, 3 Septemba 2025

Binti yangu Wendy amerudi kutoka kazini na habari. Mchungaji wake ameanzisha mafundisho mapya, kila Jumatano jioni, mwezi mzima. Kichwa chake: "Binadamu ni Nani? Majibu Kutoka Nyimbo za Nyumbani." Si Zaburi. Nyimbo za redio! Anaweka maneno ya wimbo kwenye skrini, anayachambua mstari kwa mstari, eti humo mna siri za roho ya mtu.

Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Anaitwa Muema. Ana miaka ishirini na tisa na viatu vyeupe. Kanisa lake liko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo ukipanda kumtafuta Mungu unakutana kwanza na harufu ya dawa ya kupe. Mimi ni mwalimu mstaafu na Mkatoliki, misa ya kwanza, benchi la tatu. Sina haja ya ghorofa.

Kisha binti yangu akaniambia jambo lililonikausha kicheko. Wimbo wa wiki ijayo ni wa babake.

Yaani Kimeu. Marehemu mume wangu, mpiga gitaa, miaka sita sasa kaburini. Nyimbo arobaini alitunga, mmoja tu ndio ulioingia redioni, nao watu wanauita tu wimbo wa mgeni. Mgeni anakaa kwa watu, anaulizwa ataondoka lini, anaondoka. Basi. Na mimi najua huyo mgeni ni nani! Ni Makau, mpiga ngoma wao, aliyekuja mwaka 2000 kulala siku mbili akakaa miezi mitatu. Alikuwa anakula kama nzige na kukoroma kama mashine ya kusaga unga. Kimeu mwenyewe ndiye aliyeniambia wimbo ni wa Makau.

Sasa Makau atafanywa nabii. Nitaenda. Lazima nione.

Alhamisi, 4 Septemba

Wendy anaomba nisiende kumwaibisha. Nimemwambia mtu haaibishwi na mwalimu, huaibishwa na makosa yake. Amefunga mlango wa chumba chake kwa upole unaokera kuliko kuubamiza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetoka huko sasa hivi. Niandike kabla sijasahau upuuzi wenyewe.

Watu kama sitini, wengi vijana. Viti vya plastiki. Mchungaji akanitambulisha kama mke wa mtunzi, watu wakapiga makofi, nikainua mkono kidogo. Akaweka wimbo, mara mbili. Sauti ya Kimeu ikajaa chumba. Sikutarajia itanigusa kifuani hivyo, lakini tuyaache hayo.

Wimbo ni wa Kikamba. Yeye ameutafsiri kwa Kiswahili chake cha "hii wimbo" na "ile mtu". Mimi nautafsiri hapa vizuri:

*Mgeni hakufukuzwa kwa fimbo,*
*aliulizwa tu atasafiri lini.*
*Aliulizwa kwa kikombe cha chai,*
*aliulizwa kwa tabasamu.*
*Akakunja leso yake mara nne,*
*akasema: Alhamisi.*

Kisha uchambuzi. Mgeni, kwa mujibu wa Mchungaji Muema, ni Yesu. Mwenye nyumba ni moyo wa binadamu. Kikombe cha chai ni dini ya mdomoni. Leso kukunjwa mara nne ni Injili nne. Na Alhamisi — hapo nilishika kiti — ni Alhamisi Kuu, siku ya Karamu ya Mwisho! Watu wakaitikia amina. Msichana mmoja mbele yangu alilia. Analilia leso, yaani kanga ya kufunga kiunoni.

Nakiri alisema sentensi moja isiyo ya kijinga. Alisema, "Binadamu hafukuzangi mtu. Binadamu huuliza swali." Ukiondoa hiyo "hafukuzangi", ningempa alama saba kwa kumi.

Mwishoni nikasimama. Nikamwambia kwa heshima kwamba mgeni si Yesu, ni mpiga ngoma aitwaye Makau, mwanamume wa kilo tisini kutoka Kathiani, na kwamba mwenye wimbo aliniambia hivyo nikiwa napika. Watu wakacheka. Wendy akaangalia sakafu.

Muema hakukasirika. Akarudisha maneno kwenye skrini, akayatazama kama anayasoma mara ya kwanza. Akauliza, "Sasa Mwalimu, huyo Makau alikuwa anavaa leso?"

Wakacheka tena. Safari hii si pamoja nami.

Nikajibu kwamba huo ni ushairi, na ushairi hauna haja ya kabati la nguo. Jibu zuri. Nimelirudia njiani mara tatu na kila mara limekuwa dogo zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Leso. Upuuzi gani huu. Mtunzi anaweza kumvika leso mtu yeyote, hata ng'ombe.

Hata hivyo, daftari la Kimeu la nyimbo liko ndani ya lile sanduku la bati. Nitalitoa. Nitakwenda nalo Jumatano, nimwonyeshe kijana, yaishe.

Saa kumi jioni

Nimelipata. Limeliwa na mende pembeni. Wimbo uko ukurasa wa thelathini na moja, mwandiko wake uleule mbaya. Juu ameandika tarehe: 11 Mei 2003.

Makau aliondoka mwaka 2000.

Tena kuna neno limekatwa. Kila mahali palipo na *mueni*, yaani mgeni, chini yake kuna neno jingine lililofutwa kwa mistari miwili ya kalamu. Hakulifuta sana. Linasomeka bila miwani. *Mwaitu.*

Mama yangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefua mapazia yote ya nyumba. Hayakuwa machafu.

Jumatatu, 15 Septemba

Sawa. Niandike. Hakuna anayesoma hapa ila mimi, na mimi ni msomaji mkali.

Machi 2003. Mama mkwe wangu, Kavindu, aliletwa kwetu kutoka Kalama. Alikuwa na sukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichopona. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya walimu pale Mumbuni, vyumba viwili. Wendy alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alilala na nyanyake. Ana jina lake, Wendy Kavindu, kama desturi. Nilikuwa na darasa la nane, vitabu vya kusahihisha hadi kwenye sufuria. Kimeu alikuwa haonekani, mara harusi ya huku, mara baa ya kule.

Kidonda kilinuka. Ndiyo hiyo. Si kazi, si vyumba viwili. Harufu. Nilikuwa nikifungua mlango natoka kazini, inanipokea kabla ya mtoto.

Sikumtukana hata siku moja. Nilimpikia. Nilimwogesha. Na kila asubuhi nilimpelekea chai, nikatabasamu, nikamuuliza, "Mama, utasafiri lini, nikutafutie gari mapema?"

Kila asubuhi! Niliona ni heshima. Niliona ninampangia mambo yake vizuri.

Siku moja akawa amekaa kitandani na leso yake mapajani. Akaikunja, akaikunja tena, hadi ikawa ndogo kama kitabu cha sala. Akasema, "Alhamisi."

Alhamisi ile akaenda. Siku kumi na tisa baadaye akafa kwake Kalama. Kwenye mazishi niliwaambia watu kwamba mama alisisitiza kurudi, alikuwa anawalilia mbuzi wake. Nimelisema hilo kwa miaka ishirini na miwili. Ukinipima damu, utawakuta humo hao mbuzi.

Alhamisi, 18 Septemba

Jana sikwenda ghorofani. Wendy aliuliza kama ninaumwa. Ndiyo, nikasema, goti.

Mimi nina hasira na Kimeu. Tuliishi pamoja miaka kumi na sita baada ya tarehe hiyo. Tulikula meza moja. Hakuniambia neno. Alikwenda kuwaambia walevi wa Mutituni! Aliwaambia madereva, waliooa na waliokuwa wanaoana. Aliyaimba mbele yangu, akitabasamu, na nilipouliza huyu mgeni ni nani, akasema Makau. Mwanamume mwenye gitaa ni mwoga mwenye nyuzi sita.

Nitakwenda Kalama kwa Mbithe, dada yake. Sijakaa naye vizuri tangu mazishi ya mama. Tunasalimiana, tunaulizana watoto, basi. Siku zote nimesema Mbithe ana kinyongo na mtu aliyesoma.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimetoka Kalama. Naandika haraka, mwandiko huu utakuwa kama wa Kimeu.

Nilimkuta Mbithe amekaa nje, anapukuchua mbaazi kwenye ungo. Hakushangaa. Akaniletea kiti, akaniwekea ungo mwingine, tukapukuchua. Nikaongea juu ya mvua, juu ya goti langu, juu ya kila kitu. Akaniacha niongee. Nilipochoka nikatoa daftari kwenye mkoba, nikamfungulia ukurasa wenyewe.

Hakuusoma. Alisema anaujua. Akanieleza hivi: baada ya arobaini ya mama, Kimeu alikuja pale na gitaa, akawaimbia watu wa nyumbani wimbo mzima, na neno lilikuwa mama. Mbithe akamwita nyuma ya jiko, akamwambia abadilishe. Atoe mama, aweke mgeni. Kimeu alikataa. Walibishana siku mbili, ndipo akakubali.

Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani — sijui nilidhani nini. Labda nilitaka aseme alinihurumia.

Akasema, "Si wewe nilikuwa naficha, Mama Wendy. Nilikuwa naficha mtoto. Yeye ndiye ako na jina la mama. Angekua akisikia hiyo maneno kwa redio."

Akaendelea kupukuchua. Mimi niliacha.

Nikamuuliza kama mama alisema lolote juu yangu alipofika. Akasema hapana. Mama alisema tu kwamba mwalimu ana kazi nyingi, na kwamba mtoto ameanza kusema maneno mawili matatu. Ni Mbithe mwenyewe aliyemuuliza mbona amerudi na dawa hazijaisha, na mama akamweleza habari ya chai. Hakuilalamikia. Aliieleza kama mtu anavyoeleza njia aliyopita.

Kisha Mbithe akaniambia lililobaki. Kwamba pale Kalama, ule si wimbo wa mgeni. Wanauita wimbo wa Mwalimu. Wote wanajua, hata waliozaliwa juzi. Na katika harusi ya mtoto wa Mwikali, jirani yao, mwaka ule bendi ya Kimeu ilipiga uwanjani, mimi niliinuka nikacheza wimbo huo mbele ya kila mtu, nimevaa kitambaa cha kijani, nikazunguka na mikono juu.

Naikumbuka harusi ile. Nilicheza vizuri sana. Wanawake wa Kalama walikuwa wameketi safu moja, hawakupiga makofi. Nikasema moyoni: washamba, hawajui raha.

Mbithe akasema, "Sisi tulidhani unajua. Tulisema, huyu mwanamke moyo yake ni ya chuma, anacheza wimbo yake mwenyewe."

Sikumsahihisha.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekwenda kwa mchungaji mchana, kabla ya mafundisho. Nilimkuta anapanga viti. Nilimwambia yote, nimesimama, kama ninasoma taarifa ya habari. Daftari, neno lililokatwa, kidonda, chai, Alhamisi. Nikamwambia: ulitafuta binadamu ni nani, basi huyu hapa, amevaa sweta ya kijivu, ana miaka sitini na miwili, na leso ilikuwa leso.

Nilitegemea nini? Nilidhani atafurahi. Mtu amechimba mwezi mzima kwenye maneno ya nyimbo akitafuta ukweli wa roho, ukweli umepanda ngazi wenyewe kwa goti bovu.

Akakaa. Akakuna kidevu. Akaanza kwa kusema kwamba Mungu alikwishanisamehe, hata kabla sijazaliwa — rahisi hivyo! Kisha akaja kwenye shida yake. Jumapili ni kilele cha mafundisho. Mabango yameshabandikwa hadi Katelembo. Mgeni ni Yesu, ndivyo yanavyosema. Kuna mama mmoja amerudiana na mumewe kwa sababu ya Injili nne za leso. Watu wamebarikiwa.

"Hiyo yako ni story ya familia, Mwalimu," akasema. "Ni nzito. Ile ingine inasaidia watu wengi."

Akaniomba nije tu Jumapili, nikae mbele, nikipewa maiki niseme maneno mawili: kwamba Kimeu alimpenda Mungu. Kimeu alimpenda Mungu jinsi alivyompenda daktari wa meno! Kwa mbali, na kwa kuahirisha.

Huyu kijana si mnafiki. Ingekuwa rahisi angekuwa mnafiki. Anapenda ukweli juu ya binadamu, mradi binadamu asiwe na jina. Alinisindikiza hadi chini, akanishika mkono kwenye ngazi, akaniuliza kwa upole kabisa kama ningependa atafute mtu wa kunirudisha nyumbani.

Ndiyo, nilisikia swali langu mwenyewe. Yeye hakusikia.

Jumamosi, 27 Septemba

Wendy anafanya mazoezi jikoni. Kesho yeye ndiye atakayeuimba, na bendi ya kanisa. Anaosha vyombo anaimba sauti ya babake, lakini ya kike, safi, haina moshi wa baa. Anapofika kwenye "Alhamisi" anaishusha pole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Niliingia nikasema, Wendy. Akageuka, povu hadi kwenye viwiko. Akasema, "Eeh, Mum?"

Nikamwambia chumvi imeisha.

Haijaisha. Ipo paketi nzima. Miaka thelathini na miwili nimewaambia watoto wa watu: simama wima, sema kwa sauti, tamka. Shenzi mimi.

Nimempigia Mbithe. Nimemwambia kesho kutakuwa na nini, na kwamba ninataka kusema, lakini alilolificha alilificha kwa ajili ya mtoto, na mtoto ndiye atakayekuwa ameshika maiki. Kwa hiyo ninamuuliza yeye kwanza. Akasema mtoto sasa ana miaka ishirini na minne, na kwamba yeye Mbithe amechoka kubeba kitu cha mtu mwingine. Hakusema nifanye nini. Aliuliza tu kanisa linaanza saa ngapi.

Jumapili, 28 Septemba

Naandikia hapahapa kanisani, daftari liko mapajani. Wanaoniona wanadhani ninaandika mahubiri. Endeleeni kudhani.

Nimekosa misa yangu ya kwanza. Padri ataniuliza.

Ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Wameweka picha ya Kimeu mbele, ile ya shati la maua, na juu yake bango: MGENI NI YESU. Kimeu anatabasamu chini ya neno Yesu kama mtu aliyekamatwa bila tiketi.

Mbithe amekuja. Hakuja peke yake. Yuko na wanawake watatu wa Kalama. Mmoja ni Mwikali, yule wa harusi. Wameketi safu ya nne, mikoba magotini. Nimegeuka kuwasalimu kwa kichwa. Wamenirudishia kwa kichwa. Hakuna aliyetabasamu na hakuna aliyenuna. Wamekuja kuona.

Muema amehubiri dakika arobaini. Sehemu nyingine si mbaya. Amesema nyimbo ni vioo tunavyovinunua tukidhani ni madirisha. Sijui ameitoa wapi. Nimeiandika hapa kwa sababu ni kweli, na inaniudhi kwamba ni yeye aliyeisema.

Sasa Wendy anaimba. Vijana wamesimama, wanacheza polepole, mikono juu. Wanawake wa Kalama wamekaa. Mimi pia nimekaa. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu ninausikiliza wimbo huu nikiwa nimekaa, na ni mrefu sana. Kumbe una ubeti wa tatu. Siku zote nilikuwa ninazunguka wakati huo. Unasema mwenye nyumba alitandika kitanda cha mgeni upya siku ileile, akafungua madirisha yote.

Nilifungua madirisha yote. Kimeu hakuwapo mchana ule. Nani alimwambia? Mama alikuwa ameshafika barabarani. Aligeuka, basi. Aligeuka akaona.

Wendy amemaliza. Makofi. Muema ameniita mbele, "Mama yetu, maneno mawili tu." Anakuja kwenye kiti changu na maiki. Wendy yuko nyuma yake, anafuta jasho, ananitazama kwa furaha, masikini, kwa furaha kabisa.

Amefika. Amenisogezea maiki mdomoni lakini hajaiachia. Ameishika mwenyewe, vidole vitano vyote, ili akiona mambo yanaharibika aivute. Anatabasamu. Anasubiri nimalize kuandika, anadhani ninaandika hayo maneno mawili.

Mimi nimefundisha miaka thelathini na miwili. Nimenyang'anya vitu vingi mikononi mwa wavulana.

Naweka kalamu chini —